Jani la Isale

Shuka la mistari ya bluu
nililichagua mwenyewe, robota lilipokatwa Kiboriloni,
kabla wenzangu hawajanyoosha mikono.
Zima, halina hata uzi uliochomoka.
Asubuhi ile nikalikuta nyuma ya banda la mbuzi,
ndani ya ndoo, limekandamizwa na jiwe.

Jiwe!
Kana kwamba shuka lingeibuka likasema.

Na mimi nilikuwa nimeshapiga kelele.
Nilisema: Aikaeli, saa kumi na mbili na nusu, bado umejifunika?
Nilisema: unadhani michango ya shule inaota mgombani?
Nikasema na lile neno jingine, la mama yangu,
nililoapa halitatoka kinywani mwangu.
Akajibu: tumbo.
Nikamwambia tumbo la hesabu hilo, leo kuna mtihani.

Akaondoka sweta kalifunga kiunoni.
Mwezi wa saba, mlima umejifungia ndani ya mawingu,
mtoto anatetemeka mabega
ili kiuno kipate pa kujificha.
Nilimtazama mpaka akapinda kona.
Nilimtazama, sikumwona.

Nikachuchumaa pale kwenye ndoo.
Maji yalikuwa na rangi ya juisi ya rozela
iliyozimuliwa ili wageni watosheke.

Watu husema msichana amevunja ungo.
Ungo wangu huu hapa, umetundikwa jikoni, mzima,
una pumba za jana.

Mimi nilipewa kipande cha kanga kuukuu
na sentensi moja: Sasa ukicheza na wavulana utaona.
Nikakaa kusubiri kuona.
Miezi mitatu nilijishika tumbo kila usiku
kwa sababu Godlisten aliniazima kifutio.

Siku hiyo sikwenda sokoni.
Nilikwenda kwa Mangi, nikataka pedi, pakiti mbili.
Akavuta gazeti azifunge kama nyama.
Nikamwambia: acha, hazijaibiwa.

Kisha nikashuka mpaka wa shamba,
nikakata jani la isale.
Jani hili hupanda: mkosaji humpelekea mkubwa wake,
nalo likishatolewa halikataliwi.
Sijawahi kuliona likishuka,
likitoka kwa mama kwenda kwa mtoto.
Lakini maji ya mfongo hushuka,
na migomba yote ya huku hunywa.

Akarudi saa kumi, sweta bado kiunoni.
Nikalitoa jani kwa mikono miwili.
“Mama, hili si la watu waliogombana?”
“Tumegombana.”
“Mimi sijagombana.”
“Ndiyo. Nimegombana peke yangu.”

Akalipokea. Akalinusa, sijui kwa nini.
Halafu akalia kilio cha tangu asubuhi,
na mimi nikamfungua lile sweta, fundo lilikuwa gumu,
ilibidi nitumie meno.

Tukakaa kitandani na pakiti.
Nikamwonyesha karatasi inavyobanduliwa,
na mabawa yanavyokunjwa chini ya chupi.
“Yana mabawa?” akacheka puani, kamasi zikamtoka.
Nikamwambia hauchafuki, unakua;
abadilishe kila baada ya saa chache, hata kama haijajaa;
na damu haipendi maji ya moto, huganda ikang'ang'ania,
iloweke kwenye ya baridi, bila jiwe.
Kwenye kalenda ya usharika tukaweka nukta,
kalamu nyekundu ikagoma, tukatumia ya kijani.

“Itauma kila mwezi?”
Nikasema sijui ya kwako. Yangu huuma siku ya kwanza.
Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo,
nikajikuta namweleza mengi kuliko alivyouliza.

Shuka tulilianika mbele, penye jua,
lilibaki na doa hafifu, kama chai.
Mama yangu, aliyekuja kutibiwa mguu KCMC,
alikuwa mlangoni anamenya ndizi.

Aikaeli akashika pindo la shuka, akauliza kwa sauti yake kubwa:
“Na wewe mama, wewe nani alikuletea isale?”

Kisu kikasimama juu ya ndizi.
Kidogo tu. Kisha kikaendelea,
lakini polepole,
kama kinachosikiliza.